Mwaka Tuliotafuta Majina

Ujumbe wa kifo cha Dada Tausi ulinifikia asubuhi, nikiwa napiga pasi nyumbani kwangu Morogoro, na ulianza hivi: "Habari ndugu JINA." Aliyeutuma alisahau kujaza jina langu mahali pake, akaniachia neno tupu kwa herufi kubwa. Ujumbe ukaendelea kusema kwamba kiongozi wetu mpendwa Tausi ametutoka, maziko ni leo alasiri nyumbani kwake Kilosa, wote tunakaribishwa. Chini kabisa, kabla ya namba ya simu ya kupiga, paliandikwa: "Tusiachane hivi hivi." Nilichomoa waya wa pasi. Nikakaa na kuusoma tena, na badala ya kulia nikaogopa, kwa sababu yale maneno ya mwisho niliyajua. Niliyasikia yakitoka kinywani mwa Tausi mwenyewe, Mikumi, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu na kujiona nina akili zote za dunia. Alipoyasema mara ya kwanza yalikuwa maneno ya mtu tu. Kabla ya mwaka kwisha yalikuwa yamegeuka kitu kingine, na mimi nilikuwepo chumbani yakigeuzwa.

Mambo ya nilikotoka nayaruka, hayana uhondo. Nilishuka kutoka milimani na stashahada ya takwimu, kazi hakuna, na mtu akaniambia kuna mama Mikumi ana biashara ya mtandao anatafuta msichana anayejua kompyuta. Biashara yenyewe ilikuwa ya unga wa kijani wa kukoroga kwenye maji, dawa ya meno, na vidonge vilivyosemekana kusafisha damu. Ukinunua unakuwa mwanachama, na ukileta watu chini yako unapanda ngazi. Nyumba ilitazama barabara kuu ya Iringa. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa ofisi: viti vya plastiki, ubao mweupe, na bango la watu wenye meno meupe wasiofanana na mtu yeyote wa wilaya yetu. Malori yalipopita, kioo cha dirisha kilitetemeka na wale watu wa bangoni nao wakatetemeka, wakiendelea kucheka. Chumba cha nyuma nililala mimi. Katikati palikuwa na Tausi na jiko lake, na harufu ya vitunguu kuanzia saa nne asubuhi.

Nilipomwamkia siku ya kwanza, "Shikamoo dada," aliitika "Marahaba" kisha akanikagua juu mpaka chini. "Mtu wa milimani wewe. Mtani wangu. Nyie si ndio mnahesabu kunde kabla ya kuzipika?" Yeye alikuwa wa bondeni, wa Tindiga, na watu wetu na watu wao ni watani tangu zamani, kwa hiyo nikamjibu kwamba ni kweli tunahesabu, kwa sababu watu wa bondeni wakipita karibu zinapungua. Alicheka mpaka akashika mlango. Nilimpenda pale pale. Alinipakulia wali wa kwao na kisamvu cha karanga, akakaa kunitazama nikila, na kila nilipotua mkono aliniongezea. Sijawahi kula hivyo kwa mtu baki, na nasema wazi kwamba mengi niliyoyavumilia mwaka ule niliyavumilia kwa sababu ya ile sahani.

Tausi alijulikana kwa misiba. Sisemi kwa kejeli. Penye msiba kuanzia Mikumi mpaka Kilosa, kwa Waislamu au kwa Wakristo, alikuwa wa kwanza kufika, na hakupitia mbele walikokaa wenye viti. Alipitia nyuma, akafunga kanga kiunoni, akauliza kuni ziko wapi. Alikoroga ugali wa watu mia bila kuketi. Jioni, watu wakianza kutawanyika, alikwenda kwa mfiwa, akamshika mkono na kumwambia, "Nipe namba yako, tusiachane hivi hivi." Na kweli hakuachana naye. Wiki iliyofuata alipiga kuuliza kama umelala, kama umekula. Siku moja tunachambua mchele aliniambia bila kuinua macho, "Fina, mimi nikifa sitaki turubai wala spika. Nataka jikoni kujae. Ukija ukakuta jikoni kumejaa, ujue niliishi vizuri." Nikamwambia aache kuzungumzia kufa wakati mchele bado una mawe. Lakini hakuwa anatania. Hilo ndilo alilolitaka duniani, na nililijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Mkuu wetu alitoka Dar es Salaam kila mwezi na tulimwita Kocha. Alivaa viatu vyeupe ambavyo sikuwahi kuviona na vumbi, katika mji ambao hata kuku wana vumbi. Chai aliyomiminiwa hakuimaliza hata siku moja. Kwa Kocha watu waliitwa majina. "Leo tumepata majina?" aliuliza akiingia, kabla ya salamu. Jina lilikuwa mtu yeyote aliyekubali kutoa namba ya simu ili aje kusikiliza fursa. Jina likipigiwa haraka lilikuwa la moto, likikaa lilipoa. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia kuamua ni mfumo gani wa kutafuta majina unaofaa mji kama wetu, maana kila anayepanda ngazi Dar alikuwa na mfumo wake wa kuuza, na kila mmoja aliapa kwamba wake ndio unaoleta watu kama mvua. "Wewe msomi," Kocha aliniambia. "Usinipe hadithi. Nipimie."

Nikapima, na nilipima vizuri. Mfumo wa kwanza ulikuwa wa kulipia: ukurasa wa mtandaoni wenye picha ya gari na maneno "Unachoka kuajiriwa?", mtu akiubonyeza anaacha namba, na kompyuta inaanza kumtumia ujumbe yenyewe, "Habari ndugu" na jina lake, asubuhi na jioni, mpaka akubali au azime simu. Majina yalimiminika. Yalitoka mikoa ambayo hatukuwahi kuikanyaga, na nilipopiga nilikuta watoto waliokuwa wakichezea simu za wazazi, au watu waliodhani tunatoa ajira, mmoja akaniuliza kwa unyenyekevu usaili ni lini. Wa pili ulikuwa wa barabarani. Malori yanasimama Mikumi, mabasi yanashusha abiria kula, na tulikuwa na vijana wa kuzunguka kwenye vibanda vya chakula na vipeperushi. Dereva mwenye kipande cha nyama mdomoni atakupa namba yoyote ili uondoke. Nikajifunza kitu ambacho vitabu vyao havikusema: ukitaka kujua mfumo ni mzuri, achana na wingi wa majina. Uliza mtu akiiona namba yako inaita, anapokea au anaigeuza simu kifudifudi. Uliza aliyekuja mara ya kwanza alirudi mara ya pili. Nikaandika hivyo ubaoni, mifumo ikasimama sambamba, na yote miwili ikaonekana ilivyokuwa, kelele tupu. Lakini palikuwa na watu wengine wanaokuja kwenye mikutano yetu, waliokaa mpaka mwisho, waliorudi, waliopokea simu mlio wa kwanza. Nilipowauliza wameletwa na nani, wote walitaja mtu mmoja. Dada Tausi alinifariji msiba wa baba. Dada Tausi alitupikia. Yeye aliwatajia biashara mara moja tu, kwa kupita, kama mtu anavyotaja duka lenye sukari.

Siku ya kuwasilisha, Kocha alikaa kiti cha mbele, Tausi amesimama mlangoni na birika. "Kwa hiyo mfumo upi?" aliuliza Kocha. Nikajibu, "Hakuna mfumo. Ni Dada Tausi tu." Lori likapita, kioo kikatetemeka. Kocha aligeuka taratibu akamtazama Tausi, na nimewahi kuona mtazamo ule mnadani, mtu anapozunguka ng'ombe ambaye mwenyewe hajui thamani yake. Tausi alicheka kwa furaha, mkono mdomoni. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba amekuwa wa kwanza katika jambo lolote. Wapo waliokuja kuniambia baadaye kwamba mimi ndiye niliyemuuza. Nawajibu mpaka leo: niliulizwa, nikasema ukweli, na ukweli ule ule mtu mwenye moyo angeusikia na kumwacha mwanamke yule na misiba yake. Sikubali kubebeshwa mzigo wa Kocha. Lakini mchana ule nilipopita chini ya dirisha nikienda kuanika nguo, nilimsikia Kocha ndani akizungumza na simu, na nikabaki na shati mkononi linachuruzika maji. Alikuwa akisema, "Hapana bosi, usininunulie mfumo. Mfumo ninao. Unapika pilau." Kisha akacheka sana.

Kuanzia hapo alikuja kila wiki. Alimkalisha Tausi mbele ya ubao na kumchambua. Unafika saa ngapi? Unasema nini kwanza? Unasubiri mfiwa alie kwanza au unamwahi kabla? Tausi alijibu kwa heshima, akijitahidi, jasho puani. Siku moja Kocha alimuuliza, "Unapomshika mkono, unamshika upi?" Tausi akaitazama mikono yake miwili, imejaa unga. "Sijui, Kocha. Wowote ulio karibu." "Jitahidi kukumbuka," alisema Kocha kwa upole, "maana wenzako watataka kufanya hivyo hivyo." Wenzake walikuwa wasichana aliowaleta kutoka Morogoro, wa rika langu, wenye kucha ndefu za rangi na vilemba vya zambarau vinavyofanana. Walikaa kwenye viti vya plastiki wakafundishwa kufariji. Niliwasikia kutoka chumbani kwangu wakirudia kwa pamoja, darasa zima, "Nipe namba yako, tusiachane hivi hivi," na Kocha akiwarekebisha, "Sauti ishuke mwishoni. Ishuke." Nilipoingia jikoni nilimkuta Tausi amekaa na kitunguu mkononi bila kukikata. Aliniuliza, "Mimi nasema hivyo kweli, Fina?" Nikamwambia ndiyo, lakini yeye anakuwa anamaanisha. Naamini tangu siku ile hakuwahi tena kumshika mtu mkono bila kuwaza ni mkono upi.

Basi yakatokea ya Ruhembe. Mke wa Mzee Yohana, mwalimu wa kwaya, alifariki; walikuwa watu wa milimani walioteremkia kwenye mashamba ya miwa. Kwetu, mtani ana haki yake msibani. Jeneza likitolewa anaweza kujilaza njiani, aseme halipiti mpaka alipwe: kuku, kilemba cha marehemu, hata chumvi kidogo. Watu hucheka machozi yakiwatoka, mfiwa anampa chochote, na kile kicheko kinapunguza uzito wa siku. Hakuna anayemkasirikia mtani. Kocha aliposikia habari za mila hiyo, tukiwa ndani ya gari lake njiani, alisimamisha gari pembeni. "Rudia," alimwambia Tausi. "Hawawezi kukukatalia?" Tausi akamweleza kwamba si kukatalia, ni utani tu. "Lakini hawawezi?" "Hawawezi." Kocha akatia gari gia. Nilikuwa kiti cha nyuma. Nilimgusa Tausi bega nikamwambia kwa kilugha chetu, alichokuwa akikijua kwa kunitania, "Usifanye." Aliupapasa mkono wangu. Alikuwa amevaa kilemba cha zambarau siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Jeneza lilitoka, wanaume sita, wimbo ukiimbwa. Tausi akajirusha chini kwenye vumbi mbele yao, mikono kichwani, akilia kile kilio cha utani cha kuchekesha, na watu wakaanza kucheka, hata binti mkubwa wa marehemu, Mama Neema, alijifuta macho na kutabasamu. "Mtani, unataka nini?" mtu aliuliza, kama inavyoulizwa. Nilikuwa naomba aseme kuku. Niliomba kabisa, midomo ikicheza. Tausi akainua kichwa, akatafuta uso wa Kocha aliyesimama kando na simu juu akirekodi, akasema kwa sauti, "Sitaki kuku. Hampiti mpaka kila mwenye simu hapa anipe namba yake, na Jumamosi aje Mikumi kusikiliza fursa." Watu walicheka kidogo, wakidhani mzaha unaendelea, wakisubiri sehemu ya mwisho. Sehemu ya mwisho haikuja. Wale wasichana walikuwa wameshaingia katikati ya watu, simu mkononi, wanaulizia namba kwa sauti zinazoshuka mwishoni. Kicheko kikakatika. Wanaume walisimama na jeneza mabegani, jasho linawatiririka. Mzee Yohana akasogea, mfupi, koti limemzidi, akainama alipolala Tausi. "Mtani," alisema, "inuka. Mke wangu anaungua na jua."

Aliinuka. Kanga yake ilikuwa na vumbi upande mmoja wote na hakuna aliyemkung'uta. Alifanya kile alichokijua, akaenda jikoni kwa nyuma, na mimi nikamfuata. Wanawake walikuwa pale wamezunguka masufuria, na mazungumzo yakakoma. Mwiko alioutumia asubuhi ulikuwa mkononi mwa mwanamke mwingine. "Nikupokee, shoga," Tausi alisema. Yule mwanamke akajibu kwa adabu kabisa, "Umechoka, dada. Kakae mbele na wageni." Kama hukukulia kwetu hutaelewa uzito wa maneno hayo. Mbele ndiko wanakokaa watu wasiohusika.

Hakuna aliyegombana naye, na hilo ndilo lililonitisha. Hakuna aliyekuja kufoka. Simu yake ilinyamaza tu. Tausi, aliyekuwa akipigiwa kabla maiti haijaoshwa, alianza kujua misiba kwa kuona wanawake wanapita barabarani na kuni kichwani na masufuria. Alitoka barazani na kuwauliza, "Kuna nini huko?" wakajibu, "Shughuli tu, dada," na kuongeza mwendo. Alinituma kwa jirani kuazima ungo, mtoto akanifungulia na kuniambia, "Mama kasema hayupo," na nyuma ya mlango niliona kisigino cha mama. Nyumbani vitunguu viliacha kunukia. Tausi alikaa kwenye kiti cha plastiki, simu mapajani, akiitazama kama inadaiwa kulia. Wakati huo huo chumba cha mbele kilifurika. Picha za Ruhembe Kocha alizisambaza nchi nzima kwenye makundi yao kama somo, na vilemba vya zambarau vikaja kutoka kila upande kujifunza. Nilipima tena, bila kutumwa. Nikamwonyesha Kocha ubaoni kwamba watu wa hapa hawapokei tena, si simu za Tausi wala za mtu yeyote mwenye kilemba kile, na kwamba mfumo wake unakula kile unachokitegemea. Aliutazama ubao akaufuta kwa kiganja. "Kilosa imeisha," alisema, akitafuta funguo za gari. "Wilaya ziko nyingi."

Mwaka ulikuwa ukingoni mama yake Tausi alipofariki Tindiga, mpunga ukiwa ndio unapandwa. Nilikwenda naye. Watu walikuja, siwezi kusema hawakuja. Kwetu mzee haachwi bila kuzikwa. Wanaume walichimba, wakaswali, wakazika vizuri. Lakini jikoni tulikuwa mimi, Tausi mfiwa mwenyewe, ambaye hakupaswa kabisa kugusa sufuria siku hiyo, na bibi mmoja jirani asiyeona vizuri. Tulipika wali na nyama kwa moshi na machozi. Wanaume waliporudi makaburini walinawa mikono, wakampa Tausi pole mmoja mmoja, macho chini, na wakaondoka. Hawakukaa kula. Tausi alikuwa ameinamia sufuria. "Wamekaa?" aliniuliza. Nikamwambia bado. "Wamekaa, Fina?" Nikamwambia, "Wametoka, dada." Alibaki ameshika mfuniko, mvuke unampiga usoni. Kwetu kuondoka bila kugusa chakula cha msiba ni kusema tumekusaidia kuzika, usitegemee zaidi.

Ndipo gari mbili zikaingia uani. Kocha alishuka na viatu vyake, nyuma yake wale wa vilemba, wamebeba shada la maua ya plastiki. Walikaa kwenye mikeka mitupu, wakajaza ua. Walikula wali wote. Walimkumbatia Tausi, wakamwita mama, wakapiga picha. Nilimwona akiwatazama wanavyokula, na uso wake ukabadilika taratibu, ukawa uso wa mtu anayeamua. Nilipofungasha kuondoka mwezi uliofuata nilimbembeleza aache, arudi kwa watu wake, awaombe radhi, wangemsamehe baada ya muda. Nililia, nikamshika miguu. Akaniambia, "Nirudi wapi? Nikibisha hodi nani atanifungulia? Hawa angalau walikula." Akanifungia wali kwenye mfuko niule njiani. Tulipigiana simu miaka ya kwanza, kisha sikukuu kwa sikukuu, kisha nikaanza kupokea kutoka kwenye namba yake ujumbe wa "Habari ndugu," na nikajua si yeye anayeandika. Niliacha kujibu. Alipanda mpaka ngazi ya juu kabisa. Nasikia alijenga Kilosa mjini.

Siku ile ya maziko yake basi nililopanda lilipitia Rudewa, mkonge uliobaki umesimama katikati ya mahindi ya watu, na nilifika Kilosa wanaume wameshatoka kuzika. Nilisikia spika kabla ya kuiona nyumba. Turubai mbili, viti vimevalishwa vitambaa, na watu, watu wengi, ua umejaa mpaka barabarani. Nilijiambia, wamerudi, wamemsamehe, kumbe nilikuwa na wasiwasi wa bure. Kisha nikaanza kuona zambarau. Mbele zambarau, pembeni zambarau, kila mkono na simu, na kila wawili waliokaa jirani walikuwa wanashikana mikono na kutajiana namba. Nikapita katikati yao, wakinipa pole kwa sauti zinazoshuka mwishoni, nikazunguka nyumba kwenda nyuma kutazama jikoni.

Mafiga yalikuwa baridi. Majivu ya zamani, na paka amelala juu yake. Chakula kilikuja na gari, kwenye vikasha, kila mtu na chake. Nilisimama pale na mkoba wangu, nikalia kwa mara ya kwanza siku hiyo, nikamlilia kwa sauti. Halafu nikafukuza paka, nikafunga kanga kiunoni, nikatafuta kuni. Moto ulikuwa umeanza kushika nilipoona mwanamke mtu mzima anaingia kwa mlango wa uani na kifurushi cha majani ya chai, amesimama kwa wasiwasi. Ilinichukua muda kumtambua. Alikuwa Mama Neema wa Ruhembe, nywele nyeupe kabisa. Nikamwamkia, akaitika, akanikumbuka. "Nani kakuambia?" nilimuuliza. "Hakuna aliyeniambia. Nimesikia tu nikiwa sokoni." Akautazama ua uliojaa, kisha mafiga. "Alitupikia siku tatu mama alipoumwa, kabla ya yale," alisema. "Nisije?" Akachuchumaa, akapuliza moto. Tukabandika maji, wanawake wawili, na nilifikiri moyoni, Tausi, hapajajaa, lakini tupo.

Msichana akachungulia kwenye kona ya nyumba, kilemba kimemkaa vizuri, kucha ndefu. Alikuja akainama, akanishika mkono, wa kulia. "Poleni sana mama zangu," alisema. "Nipeni namba zenu, tusiachane hivi hivi." Ilikuwa sauti ya Tausi. Mteremko wake, pumzi yake, ule ukimya mdogo kabla ya neno la mwisho, vyote vilikuwepo, kwa mtoto ambaye huenda hakuwahi kuzungumza naye. Mama Neema aliacha kupuliza. Nikautoa mkono wangu, nikachukua mwiko, nikampa. "Kwanza shika huu," nikamwambia. "Marehemu alianzia hapa." Aliutazama mwiko, akautazama moshi, akacheka kwa aibu kidogo. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akainua simu, akatupiga picha, akaenda zake mbele.

Nilikuwa ndani ya basi la kurudi, jua linazama upande wa milima, simu ilipolia. Ilikuwa picha yetu: mimi na Mama Neema tumeinamia moto, macho mekundu kwa moshi na kilio. Chini yake waliandika, "Habari ndugu JINA. Hivi ndivyo familia yetu inavyozikana. Je, wewe una watu?"